Vidonge Vichungu vya Mama Kitinda

Dirisha la dawa lilikuwa moja, na watu waliolingoja wangejaza uwanja wa mpira. Wengine walisimama, wengine walichuchumaa, wengine walikwisha kukata tamaa na kulala kwenye mabenchi, kofia usoni. Mlinzi alikuwa akifoka kuhusu foleni ambayo hakuna mtu aliyeiona. Katika zogo hilo bibi mmoja mwembamba, aliyevaa gauni jeusi lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama wima, alimnyakua mwanaume mgeni kwa mkono wa koti.

"Baba Kitinda! Ndivyo ulivyotoka nyumbani hivi?"

Mwanaume akageuka. Alikuwa mrefu, umri wa kuoa na kuchelewa kuoa, koti lake jeupe la maabara lina madoa ya kijani kwenye vikono, na mkononi kashika ndoo iliyojaa majani mabichi. Baba Kitinda hakuwa yeye. Baba Kitinda alikwisha kuzikwa siku nyingi, na aliyelia kuliko wote kaburini alikuwa bibi huyu huyu.

"Shikamoo, mama," alisema yule mwanaume.

"Shikamoo ya nini, mimi mkeo? Tazama kifungo kinavyoning'inia! Watu watasema huna mke."

"Mama! Mwachie mtu wa watu!" Binti alipenya kati ya watu akihema. Alivaa gauni la samawati lenye ukosi mweupe, na shingoni ilining'inia tepu ya kupimia aliyosahau kuivua kazini. "Nisamehe, kaka yangu. Mama anaumwa ugonjwa wa kusahau. Marehemu baba alikuwa mrefu kama wewe."

"Hajasahau yote. Kifungo kweli kinaning'inia."

Binti alitaka kucheka, akajizuia, ikamshinda. Alichomoa sindano chini ya ukosi wake, ilikokaa na uzi wake tayari. "Basi simama hapo. Kisiposhonwa, hatutoki hapa leo, namjua."

Akakishona kifungo palepale, kichwa chake kifuani kwa mtu asiyemjua, na bibi kasimama kando akikagua kazi.

"Unanuka majani wewe. Unafuga mbuzi?"

"Mimi mkemia. Haya tunayachemsha kule nyuma ya hospitali, tunatafuta dawa. Dawa ya huo huo ugonjwa wa mama."

Mkono wa binti ukasimama. Alichukua jani moja kutoka kwenye ndoo, dogo, la rangi ya kijivu, akalitafuna kabla hajakatazwa. Uso ukamkunjamana wote.

"Mungu wangu! Hii ni dawa au adhabu?"

"Bado hatujui," alisema Mkemia, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Binti aliinama akaukata uzi kwa meno, shavu likagusa koti. Nikwambie, wapo wanaopendana kwa barua na wapo wanaopendana kwa macho. Mkemia huyu alipendea kifungo. Alirudi maabara akasahau ndoo pale kwenye benchi, ikabidi aifuate, na alipoifuata alikuta binti bado yupo, akaomba namba ya simu kwa sauti iliyopasuka.

*

"Haloo, naongea na Fundi?"

"Fundi gani? Wapo wa viatu, wa mabomba, wa redio."

"Yule wa kukata uzi kwa meno."

"Ah, wewe mtu wa mbuzi! Kifungo kimetoka?"

"Nimekitoa mwenyewe, nipate sababu ya kuja."

"Mwongo mkubwa! Njoo basi, lakini uje umeoga."

Akaja, na baada ya hapo akawa haondoki. Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja cha mbele cha nyumba yao: cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, meza ya kukatia, kibao cha pasi, pasi yenyewe imefichwa mama asiifikie, na harufu ya kitambaa kipya. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya mama. Zamani hakuna harusi mtaani iliyopita bila gauni kutoka kwenye mikono yake, na binti alijifunza kwake tangu miguu haijafika chini. Kwa kuwa alikuwa mziwanda, kitindamimba wa nyumba, mama alimwita Kitinda, na mumewe akawa Baba Kitinda. Kaka zake walihamia mbali wakaoa hukohuko. Walipiga simu sikukuu hadi sikukuu, wakasema mama apewe salamu.

Sasa mama alimwita binti yake "dada". Siku nyingine alimwita "we msichana", akamuuliza mshahara wake analipwa na nani. Fundi alijibu kwa upole, kisha aliingia jikoni akafungua bomba la maji ili asisikike.

"Niambie kweli," alimwambia Mkemia mchana mmoja, mama akiwa kasinzia kwenye kiti chake. "Hayo majani yanafanya nini? Niambie kama unavyomwambia mtu aliyeishia darasa la saba, maana ndiye mimi."

Mkemia alichukua uzi mezani. "Kichwani habari zinasafiri kutoka seli hii kwenda ile. Kuna kitu kinachozibeba, tuseme ndio uzi. Sasa mwili una mkasi wake, kazi yake kuukata ule uzi habari ikishafika. Ni sawa, usipokatwa kutakuwa na vurugu. Lakini kwa mgonjwa kama mama uzi umekuwa haba, na mkasi unakata vilevile. Sisi tumepata kitu ndani ya jani hili kinachoufanya mkasi uwe butu."

"Majani tu?"

"Ipo dawa hospitalini asili yake ni kitunguu cha ua. Haiponyi. Inapunguza makali kwa muda. Tunatafuta iliyo bora kuliko hiyo."

Fundi alimtazama mama yake. "Na kama nguo yenyewe imeshaliwa na nondo? Mkasi butu utasaidia nini?"

Mkemia aliuzungusha ule uzi kidoleni. Alijua swali lile ndilo walilokuwa wakibishania kila mkutano maabara, tena kwa maneno marefu zaidi.

Jaribio la dawa lilianza msimu wa mvua, na mama aliingizwa pamoja na wagonjwa wengine. Utaratibu ulielezwa wazi na nesi wa mradi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba: nusu ya wagonjwa watapata dawa ya majani, nusu watapata vidonge vya unga mtupu usio na dawa, na makopo yatafanana kama mapacha. Nani anapata nini hajui nesi, hajui daktari, hajui hata anayeichemsha. Yote yatafunguliwa mwisho. Mkemia, kwa kuwa moyo wake ulikwisha kuingia nyumba ile, alimweleza mkuu wake ukweli, na mkuu akamwambia kwa ukali asiguse kopo la mama yule wala asisogelee vipimo vyake. Akatii. Alikwenda pale jioni jioni kama mchumba wa mtu, basi.

Mchumba wa mtu! Kwa mama alikuwa mume, tena mume mwenye makosa. Alimkaripia kwa kuchelewa, akamuuliza ameficha wapi mwavuli wake, akampangusa vumbi begani. Mkemia aliitikia kila kitu. "Nisamehe, mke wangu." "Kesho nitawahi." Fundi alisikiliza hayo huku akikanyaga cherehani, akatabasamu na macho yamemjaa maji.

*

"Nataka kukuoa," alisema Mkemia siku moja, mvua ikipiga bati kiasi kwamba alilazimika kulisema mara ya pili kwa kelele.

"Nimesikia mara ya kwanza!" Fundi alisimamisha cherehani. "Utanioaje, mpenzi wangu? Mama anajua wewe mumewe. Nitaolewa na baba yangu?"

Wakacheka, wakacheka mpaka Fundi akashika ubavu, kisha kicheko chake kikageuka katikati, akawa analia kwenye kitambaa cha mteja.

"Tulia, Fundi wangu. Nambie."

"Nakupenda, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Lakini siolewi mpaka mama anitazame aniite Kitinda. Mara moja tu. Maisha yake yote amewavalisha mabibi harusi wa watu. Siku yangu atakaa pale aulize huyu ni binti wa nani? Hapana. Siwezi."

"Na kama…"

"Usimalizie. Una dawa kwenye ndoo, usiniambie na kama."

Hapo ndipo wote wawili walipofunga maisha yao kwenye kile kikopo cheupe juu ya kabati.

Fundi hakuwa mtu wa kungoja mwisho wa jaribio. Asubuhi moja, mama akiwa anafungua mdomo tayari kwa kidonge, aliurudisha mkono, akalitenganisha ganda la kidonge vipande viwili, akagusisha ulimi kwenye unga wa ndani. Uchungu ukampanda mpaka masikioni. Uchungu uleule, wa lile jani la siku ile dirishani! Alishika meza. Akamkumbatia mama yake, kidonge kingine mkononi, akicheka peke yake.

"Mpenzi!" alipiga simu palepale. "Ni dawa! Mama anapata yenyewe!"

"Umejuaje?"

"Nimeonja! Unga gani mchungu hivyo? Ni lile jani lako, nalijua, nililitafuna. Haloo? Upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya? Hufurahi?"

Mkemia alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa inayotokota, na alikuwa ameacha kukoroga. Maana kidonge cha unga nacho kilikuwa kichungu. Walikitia uchungu makusudi, wa mmea mwingine usio na dawa wala madhara, ili mtu yeyote asije akaonja akajua. Na mtu aliyetoa wazo hilo mkutanoni, akapigiwa makofi, alikuwa yeye. Halikutakiwa kutoka nje ya maabara.

"Nafurahi, mpenzi," alisema. "Nafurahi sana."

Jamani, mwanaume yule! Neno moja tu lingetosha: "Usiamini ulimi." Asingevunja siri ya mtu yeyote. Lakini alikuwa amesikia furaha kwenye sauti ile kwa mara ya kwanza tangu amjue, akaionea huruma, akajiambia atamwambia kesho. Kesho yake akajiambia hivyo tena.

Na balaa lilikuwa kwamba mama alianza kuchangamka. Alikula bila kubembelezwa. Alikaa kwenye cherehani yake akalisukuma gurudumu kwa mkono, kuisikia tu. Kisha mchana mmoja, bila kuinua macho, akasema, "Kitinda, ule uzi mweupe umeuweka wapi?"

Fundi aliangusha mkasi. Alimpa uzi, akakimbilia simu.

"Ameniita! Ameniita Kitinda, na wala sikumkumbusha! Haya, bwana harusi, nenda kachague tai. Mimi naanza kukata gauni leo."

"Leo hii?"

"Unataka nighairi?"

"Nani kasema!" Na Mkemia alicheka naye, maana alimtaka mwanamke yule kwa roho yake yote, na kwa kitambo kile aliamini hata yeye. Ndivyo tulivyo.

Gauni lilikuwa la hariri ya rangi ya maziwa, mikono mirefu, kiuno kimebanwa, pindo limeshonwa kwa mkono. Mama alikaa kando akielekeza kwa kidole. Fundi akazoea kumwacha peke yake dukani, kwanza kidogo, halafu zaidi kidogo. Akarudisha pasi mahali pake pa zamani, juu ya kibao, waya kwenye umeme. Kwa nini aifiche? Mama anapata dawa.

Siku alipokwenda kutafuta bitana ya gauni, mama aliamua kumsaidia. Alilitandika gauni, akawasha pasi, akaanza vizuri kama zamani. Halafu katikati ya kazi akasahau yuko wapi. Akasimama pale, pasi imetulia juu ya hariri, moshi unapanda. Alipouona moshi alijua tu kwamba kuna kitu kinaungua na lazima akitoe, na akakishika kile cha moto chenyewe, kwa kiganja kizima.

Majirani ndio waliovunja mlango kwa sababu ya kelele.

*

Kwenye korido ya hospitali Fundi aliketi sakafuni, mgongo ukutani, tepu bado shingoni. Ndani mama alikuwa akiita Baba Kitinda, Baba Kitinda. Mkemia alitoka humo, macho mekundu, akaketi karibu.

"Amelala sasa. Mkono utapona, wamesema, ila vidole viwili havitakunjuka vizuri."

"Sielewi," Fundi alisema. "Alikuwa anapona. Anapata dawa, nimeonja mwenyewe. Ilikuwaje?"

Hapo Mkemia hakuweza kuificha tena. "Fundi, kuna kitu sikukuambia. Vidonge vyote vichungu. Hata vya unga. Tulivitia uchungu ili mtu asijue."

Fundi aligeuza uso taratibu. "Ulijua lini?"

"Tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyesema vitiwe."

"Siku niliyokupigia simu. Nikicheka kama mwendawazimu. Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka…"

"Usiniambie ulitaka nini!" Watu koridoni wakageuka. "Mimi nimeiacha pasi kwenye umeme kwa sababu ya ulimi wangu, na wewe ulikuwa na neno la kunizuia ukalimeza! Ile mikono, we mwanaume. Unajua ile mikono ilikuwa inafanya nini?"

"Nakupenda, ndiyo maana…"

"Basi pendo lako limemuunguza mama yangu. Nenda. Tafadhali nenda, kabla sijasema yasiyofutika."

Alikwenda. Alipiga simu, ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena siku iliyofuata na iliyofuata, na mwisho akasikia ile sauti ya kike isiyo na uso ikimwambia kwamba mteja hapatikani. Maabara walisema amekonda. Alichemsha majani yake, akayachuja, akaandika vipimo, akanuka kama mbuzi wala hakuna wa kumwambia.

Na Fundi? Usidhani alikuwa na nafuu. Mama hakukaa tena kwenye cherehani. Alikaa kwenye kiti, mkono wenye kovu mapajani, akitazama mlango. "Baba Kitinda amechelewa," alisema kila jioni. Fundi alijibu kwamba yuko njiani.

Kitu kimoja tu kilimsimamisha. Alimwambia mama mdogo, mdogo wake mama aliyehamia pale kusaidia, wakiwa wanamvisha mama soksi.

"Nimefikiria sana, mama mdogo. Ilikuwa unga. Haiwezi kuwa vingine, angeunguaje mtu mwenye dawa? Ilikuwa unga, kwa hiyo dawa yenyewe hajaionja bado. Jaribio likiisha watampa. Ataniita tena."

Mama mdogo alikaza soksi. "Mungu akusikie, mwanangu."

Alishika tumaini hilo kwa mikono miwili. Alivumilia nalo miezi ya mvua na ya jua, na lile gauni lililoungua likakaa kabatini ndani ya shuka.

*

Jaribio liliisha. Makopo yakafunguliwa. Kila familia ilikuwa na haki ya kuambiwa mgonjwa wao alipata nini, na Mkemia alimwomba mkuu wake aende mwenyewe katika nyumba ile moja. Mkuu akampa ruhusa.

Alifika asubuhi, koti jeupe mkononi, shati limepigwa pasi vibaya. Mama alikuwa kitini.

"Baba Kitinda!" Uso wote wa bibi ukafunguka. "Mvua ilikushika wapi?"

"Njiani, mke wangu. Nisamehe."

Fundi alisimama nyuma ya meza ya kukatia. Alikuwa amekonda naye, na mavazi yake, yeye aliyependa rangi, yalikuwa ya kijivu. "Karibu," alisema, kwa sauti ya kumkaribisha mteja. "Ni kuhusu matokeo?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa unga. Sema, nimejiandaa. Ilikuwa unga, na sasa mtampa dawa."

Mkemia alimtazama. Aliliona tumaini lile limesimama mbele yake, limevaa uso wa mwanamke anayempenda. Ingekuwa rahisi mno. Angetikisa kichwa tu. Angesema ndiyo, angerudishwa ndani ya nyumba ile kesho na kikopo kipya, na wangekaa wote pamoja wakisubiri.

"Ilikuwa dawa," alisema. "Kopo la mama lilikuwa la dawa tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho."

Fundi aliuweka mkasi mezani.

"Rudia."

"Ilikuwa ni lile jani. Wale walioanza kuugua juzi juzi, wachache wameonekana kupata nafuu kidogo, na kwa ajili yao tutaendelea. Kwa walio kama mama, hakuna tofauti na unga. Uliniuliza nguo ikiwa imeshaliwa mkasi utasaidia nini. Ulikuwa sahihi, Fundi."

"Na zile siku nzuri? Aliponiita?"

"Ugonjwa huu una siku zake nzuri. Hata waliopewa unga walizipata."

Fundi alikaa chini. Hakupiga kelele. Alilia kama watu wanavyolia msibani siku ya tatu, wakati wageni wameondoka. Mkemia alibaki amesimama palepale mlangoni, hakujua kama anaruhusiwa kusogea.

"Ungeweza kunidanganya," alisema Fundi hatimaye, akijifuta kwa ukosi. "Ungesema unga, ningekukumbatia hapa hapa."

"Najua."

"Kwa nini basi?"

"Nilishanyamaza mara moja. Tazama mkono wa mama."

Fundi alitazama mkono wa mama, kisha vidole vyake mwenyewe. "Pasi niliiacha kwenye umeme mimi," alisema taratibu. "Wewe ulinyamaza, lakini kuonja nilionja mimi. Nimekubebesha yote kwa sababu kosa langu nilishindwa kulibeba."

"Tulibebe wote."

"Hataniita tena, ndiyo?"

"Sidhani, mpenzi wangu. Sitakuahidi."

Kutoka kitini bibi akasema kwa ukali, "Baba Kitinda, huyo msichana analia na wewe umesimama kama mlingoti! Mpe kitambaa!"

Mkemia akampa leso. Fundi aliipokea pamoja na mkono, na hakuuachia.

*

Walioana sebuleni, mbele ya mama mdogo, nesi wa miwani ya kamba na majirani waliovunja mlango. Fundi alisema hangoji tena. Gauni lilikuwa lilelile la hariri. Alama ya pasi aliikata yote, akatia kipande kipya, akakificha ndani ya mkunjo wa kiuno.

Mama, kavalishwa gauni lake jeusi, alimwona Baba Kitinda kwenye suti. Akamwona na mwanamke kijana kando yake, mwenye nguo ya harusi. Akaangalia huku na huku.

"Unaoa?" aliuliza. "Unaoa mke wa pili na mimi hujaniambia?"

Nesi alifunika mdomo. Mkemia alipiga magoti mbele ya kiti. Ni Fundi aliyesogea, akakusanya hariri yake, akapiga magoti naye.

"Ndiyo, mama. Tumekuja kukuomba ruhusa. Ukikataa, naondoka."

Bibi alimkagua muda mrefu. Jicho lake likashuka kutoka usoni mpaka kiunoni, likasimama. Akanyoosha ule mkono wenye kovu, vidole viwili vimekauka, akapapasa mkunjo.

"Hapa pana kiraka."

"Ndiyo, mama. Paliungua."

"Umekificha vizuri. Mtu asiye fundi hawezi kukiona." Akapapasa tena. "Nani alikufundisha?"

Fundi aliutazama ule mkono. "Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri. Yuko wapi leo, hajaja?"

"Amekuja, mama. Yupo."

"Basi amshukuru Mungu." Bibi akavuta pumzi, akamtazama Baba Kitinda, kisha bibi harusi, akaamua. "Haya, mchukue. Ila mkubwa wa nyumba ni mimi, usinipandie kichwani. Chai yake isiwe ya moto sana, humuunguza ulimi. Na vifungo vyake uviangalie, huyu hajui hata kimoja kikilegea. Mimi macho yananichoka."

"Nitaviangalia," alisema Fundi.

Bibi aliweka kiganja chenye kovu juu ya kichwa cha mwanamke asiyemjua, akambariki. Halafu akaomba apelekwe kulala.